Pumzi ya Mnara

Watu bado wanabishana Mnara alitaka kusema nini kabla taa yake haijazimika. Wengine wanasema alitaka kuwaita wachimbaji warudi. Wengine wanasema alitaka kutaja jina lake la zamani, lile alilokuwa nalo kabla ya kuangukia mwezi ule. Yuko mmoja aliyeandika maelezo marefu kueleza kwamba Mnara alitaka kuomba msamaha, na watu wengi wakampongeza. Huwa nayasoma kwenye simu nikingoja chai ichemke. Sijawahi kumjibu yeyote.

Mnara alikuwa mume wangu. Tulikuwa wawili tu tuliojua alitaka kusema nini, mimi na mama yake. Mama tumemzika mwezi uliopita. Nimebaki peke yangu, na naona heri niandike, maana kichwa changu mwenyewe sikiamini tena kama zamani.

Kampuni yetu ilikuwa juu ya duka la mabomba. Kazi yenyewe ilikuwa kutia sauti. Tamthilia zinatoka nje zikiwa na watu wao wanaosema lugha zao, sisi tunaondoa maneno yao na kuweka yetu. Mzee mmoja tuliyemwita Mfasiri alikuwa anaandika maneno, waigizaji wanayasema ndani ya chumba kidogo kilichozungushiwa magodoro ukutani, na mimi nikiwa upande wa pili wa kioo nanasa, nakata, naunga. Mimi ndiye niliyekuwa fundi sauti. Bomba likidondoshwa kule chini dukani, sote tunanyamaza, tunangoja liache kulia, kisha tunaanza upya.

Mume wangu hakuwa mwigizaji. Alikuwa dereva wa kampuni. Tangu shuleni walimwita Besi kwa ajili ya sauti yake, na hata polisi wa barabarani walikuwa wakimsimamisha, wakimsikia anavyosalimia, wanasahau walichomsimamishia. Siku tuliyoanza kutia sauti *Merikebu ya Waliolala*, mwigizaji aliyepangiwa nafasi kubwa alifiwa, akaondoka asubuhi ileile. Meneja akatoka ofisini kwake akatazama huku na huku. Besi alikuwa amesimama mlangoni anachezea kofia yake.

"Wewe dereva," Meneja akamwambia, "hebu ingia humo usome hii."

"Nitasomaje na gari nimeliacha linanguruma?"

"Litazimwa. Ingia."

*Merikebu* ilikuwa habari ya watu waliolazwa usingizi ndani ya chombo cha chuma kinachokwenda kati ya nyota. Safari yao ilikuwa ndefu kuliko umri wa mtu, na aliyewaangalia alikuwa mashine iitwayo Mlezi. Kila mwisho wa sehemu, Mlezi alipita kwenye korido zote, akizima taa moja baada ya nyingine, na kuwaambia waliolala maneno mawili. Kwao huko Mlezi alikuwa na sauti ya mwanamke. Kwetu alipata sauti ya dereva.

"Nipo," Besi akasoma. "Laleni."

Pale nje ya kioo Mfasiri aliweka kalamu yake chini. Baadaye Besi alikuwa akidai kwamba hata wale wa mabomba walinyamaza.

*Machimbo ya Mwezi Mweusi* ilikuja baadaye, tukiwa tumeshaoana. Hii ilitoka nchi nyingine kabisa, kwa watu wengine, na sidhani kama kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia habari za *Merikebu*. Ilihusu wachimbaji wanaovunja mawe kwenye mwezi wenye tufani za vumbi. Juu ya kilima palikuwa na mnara wenye taa, na mnara huo ndio uliowaonya: tufani inakuja, fungeni milango. Waigizaji wetu hawakuutaka. Maneno yake yalikuwa machache, na mwigizaji anapenda maneno mengi. Ukabaki kwa Besi.

Kule kwao, Mnara akimaliza kutangaza alikuwa akisema neno fulani la kuonyesha kwamba tangazo limekwisha. Lilikuwa gumu kugeuza likaingia vizuri. Nilimuuliza Mfasiri tuweke nini.

"Weka 'Nipo'," akasema bila kuinua kichwa. "Besi ameshalizoea."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Halafu kanda ya milio ya *Machimbo*, yaani ile inayokuja na milango, nyayo, ving'ora na muziki bila maneno, ilifika nusu. Nusu nyingine sijui ilipotelea wapi. Nikajaza kwa nilichokuwa nacho. King'ora nilichukua cha *Merikebu*. Mngurumo wa mitambo nilichukua wa *Merikebu*. Mlango wa chuma unaolia kama mtu anayepiga miayo nao ulikuwa wa *Merikebu*, ambao na wenyewe nilikuwa nimeunasa mwenyewe kwenye choo cha ofisini, kwa sababu hata kanda ile ya kwanza ilikuwa na mapengo.

Watazamaji wakaanza kusikia. Sauti ile ile, neno lile lile, king'ora kile kile, mlango ule ule. Wakaanza kuandikiana: tamthilia hizi mbili ni moja. Wakatafuta mengine, na mwenye kutafuta hakosi. Mmoja akaona kwamba sare za wachimbaji zina mstari begani kama za walinzi wa *Merikebu*. Mwingine akapata sayari iliyotajwa mara moja huku na mara moja kule, jambo ambalo Mfasiri alilifanya kwa uvivu tu, maana hakutaka kubuni jina jipya. Viungo vyote walivyovipata vilitokana na upungufu wetu.

Nyumbani kwetu, aliyeamini kuliko wote alikuwa mama mkwe. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo tamthilia kwake ilikuwa kitu cha kusikiliza. Tulikaa naye, na jioni alisogeza kiti mpaka karibu na spika.

"Huyu wa mnara ndiye yule wa merikebu," alisema siku moja tukiwa tunakula.

"Mama, wote wawili ni mimi," Besi akajibu.

"Wewe ni msemaji tu. Unaandikiwa, unasema. Nani kakuambia unajua unachokisema?"

"Lakini hizi ni mbili, mama. Waliozitengeneza hawajuani hata kwa sura."

"Si walimng'oa mwishoni? Wale walioamka wakamwogopa, wakamtupa nje gizani, huku anaita nipo, nipo. Ulidhani alikwenda wapi? Aliangukia kule kwenye vumbi. Hao wachimbaji wakamwokota, wakamtundika juu ya kilima, wala hawajui ni nani." Akalamba kijiko. "Na mlango je? Mbona unalia vilevile?"

Besi akanitazama. "Hebu mwambie mkweo ule mlango ni wa nini."

"Wa choo, mama," nikasema. "Choo cha ofisini."

Mama akafikiri kidogo. "Basi wachimbaji wote wale wanakaa chooni," akasema, "na bado ni yeye."

Sasa niseme habari ya pumzi. Agizo la kwanza Meneja alilonipa kuhusu Mlezi lilikuwa kwamba mashine haipumui. Mtu akisema mbele ya maikrofoni anavuta pumzi kabla ya kila sentensi. Kwenye kompyuta, neno linaonekana kama mlima na pumzi inaonekana kama kichaka kidogo chini ya mlima. Kazi yangu ilikuwa kung'oa vile vichaka. Nilivikata vyote, Mlezi akawa hapumui, na baadaye Mnara vilevile. Vipande vilivyokatwa havikupotea. Vilikwenda kwenye jalada moja ndani ya kompyuta nililoliita Takataka, na sikulifuta kwa sababu mara nyingine nilihitaji kipande cha ukimya wa kile chumba ili kuziba pengo.

Mwaka wa tatu wa *Machimbo*, vichaka vikaanza kukua. Vilikuwa vipana, vyenye ncha, halafu vikaanza kutokea hata katikati ya sentensi. Nilimwambia Besi siku ileile. Tulikwenda hospitali tukaambiwa mapafu yanakakamaa, kama ngozi iliyoachwa juani. Daktari akamuuliza amewahi kufanya kazi gani. Kabla ya udereva, katika ujana wake, Besi alikuwa akibeba mifuko kwenye ghala la saruji.

"Kumbe na mimi nilikuwa mchimbaji," akasema tukiwa kwenye ngazi za hospitali, tumekaa ili apumzike. "Na hakukuwa na mnara."

Hakuacha kazi. Mwishoni alikuwa akisema neno moja moja. Tufani, kisha anavuta. Inakuja, kisha anavuta na kushika ukuta. Mimi naunga. Waliokuwa majumbani walimsikia Mnara imara, asiyechoka, mwenye sauti ya chuma. Siku moja alivaa hedifoni nikamsikilizisha sehemu iliyokamilika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umenifanya mzima," akasema. "Laiti na huku nje ungenikata hivyohivyo."

Hospitalini walimwekea oksijeni. Kifaa kilikuwa kando ya kitanda kikivuta na kutoa, kikivuta na kutoa.

"Mwambie Meneja," alinong'ona, "hii nayo ni mashine. Mbona inapumua?"

Hilo ndilo lililokuwa la mwisho kuniambia. Nilishuka kununua maji ya kunywa, ilikuwa mchana, jua kali, na foleni ya dukani ilikuwa ya watu waliobeba vitu vyao kimya kama mimi. Niliporudi mama alikuwa bado ameishika miguu ya mwanawe kupitia shuka, anaisugua ipate joto.

Baada ya maziko mama hakulia mbele ya watu. Watu walipotawanyika aliniita kwa sauti yake ya kawaida.

"Mkwe, niwashie."

Nikamwashia televisheni. Marudio ya *Merikebu* yalikuwa yakionyeshwa mchana, na *Machimbo* jioni. Akawa anamsikiliza mchana na jioni. Mimi nilikuwa jikoni nasikia mume wangu akisema Nipo, nashika ukingo wa sinki nangoja sehemu iishe. Sikumwambia azime. Ningemwambiaje? Lakini nilikuwa nakonda na yeye alikuwa halali vizuri. Akisikia king'ora alishtuka kwa hofu, kana kwamba tufani ingemkuta mwanawe huko nje. Alikuwa na jambo moja tu analongoja: msimu wa mwisho. Alitaka kujua atakavyoishia.

"Wa merikebu walimtupa hai," aliniambia. "Nataka nijue hawa wanamfanyaje."

Msimu wa mwisho ukafika studio. Katika sehemu ya mwisho machimbo yanafungwa. Wachimbaji wanapanda chombo kuondoka, na mmoja wao anapanda kilima kumzima Mnara. Kabla taa yake haijazimika, Mnara anasema, "Sina tena wa kumwonya. Fungeni milango. Kwaherini." Kisha taa inakaa kidogo, inazimika, na kunabaki vumbi.

Katika sehemu zilizotangulia za msimu huo, Mnara alikuwa ameharibika, hasemi. Kwa hiyo tulihitaji sauti yake mara moja tu, mwishoni. Wakamjaribu kijana mmoja mwenye kipaji, tuliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukufungwa. Siku ile alitoka kwenye kile chumba amefumba mdomo. Alikaa kwenye kiti kando yangu.

"Shemeji, siwezi," akasema. "Nikifungua mdomo naona kama nimevaa viatu vyake, na mwenyewe yuko mlangoni anavitafuta."

Meneja akaniita ofisini. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Kuna watu wanaotengeneza sauti kwa kompyuta," akasema. "Nimewapelekea rekodi zake, wameniletea mfano. Usipotaka, sitautumia. Lakini naomba usikilize kwanza, dada yangu."

Nikavaa hedifoni. Sauti ya Besi ikasema, "Sina tena wa kumwonya. Fungeni milango. Kwaherini." Ilikuwa yeye mtupu, mpaka ule mkwaruzo mdogo kwenye herufi ya mwisho. Lakini ilikuwa imenyooka mno. Nikarudia, na mara ya pili nikaelewa. Kompyuta ile ilikuwa imejifunza kutoka kwenye rekodi zilizokamilika, zile nilizozisafisha mimi. Haikuwahi kumsikia akivuta pumzi. Mtu iliyemjua alikuwa yule niliyemtengeneza kwa kukata.

"Siwezi kuamua peke yangu," nikamwambia Meneja. "Aliyemzaa yuko nyumbani."

"Mpelekee basi. Lakini hadi Ijumaa lazima niwe na kitu cha kurusha."

Mama alisikiliza akiwa ameshika simu yangu sikioni kwa mikono miwili.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akanirudishia simu.

"Huyu siye."

"Sauti ni yake, mama."

"Hata shati lake ni lake. Liko kabatini."

"Lakini hata kwenye *Merikebu* alikuwa hapumui. Mimi ndiye niliyekuwa naziondoa pumzi."

"Kule alikuwa amezibana," mama akasema. "Mimi nimemzaa, najua mtoto wangu akibana pumzi. Alikuwa akijificha nyuma ya mlango namna hiyo. Huyu hana pumzi ya kubana."

Nikakaa chini mbele yake. "Basi Chiriku aseme?"

"Asiseme yeyote. Aseme mwenyewe. Si unazo sauti zake zote huko kazini? Nilikuwa nawasikia mkizungumza, unamkata, unamuunga. Mkate, muunge, amalize kazi yake." Akanyoosha mkono akanigusa kichwa, kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Mimi nimechoka, mwanangu. Kila siku namsikia yupo, yupo, na najua tulipomlaza. Amalize. Akishamaliza nitaacha kukuomba uniwashie."

Nilikuwa sijui kwamba naye ameshachoka. Nilidhani mchovu ni mimi peke yangu.

Kesho yake nikafungua rekodi zote. "Fungeni milango" lilikuwa tele, Mnara alikuwa akilisema kila tufani. "Sina" nililipata kwenye sehemu moja ya *Merikebu*, Mlezi akimwambia mtoto aliyeamka kabla ya wakati kwamba hana dawa ya kumrudisha usingizini. "Tena" nililipata *Machimbo*. "Wa kumwonya" halikuwepo, ila palikuwa na "wa kumwamsha", tena la Mlezi. Nikamwita Mfasiri.

"Sina tena wa kumwamsha," akasoma. Alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Linafaa. Ni baya zaidi, lakini linafaa."

"Kwaherini silioni, mzee. Nimetafuta huku na kule."

"Hutaliona. Sikuwahi kumwandikia. Mnara alikuwa haendi popote, na wale wa merikebu walikuwa wamelala. Aliyelala anaagwa?"

"Sasa taa inazimika. Lazima aseme kitu."

Mfasiri akavaa tena miwani yake. Chini dukani bomba lilianguka, tukangoja liache kulia ingawa hatukuwa tunanasa chochote.

"Kule merikebuni alikuwa akimalizia na nini?"

"Nipo. Laleni."

"'Nipo' hatuwezi," akasema taratibu. "Itakuwa uongo."

"Basi 'Laleni' peke yake."

"Unajua lakini. Mnara hajawahi kusema neno hilo. Ukiliweka, wale watu wa mitandaoni wamepata ushahidi wao. Tamthilia mbili zitakuwa moja, na hakuna atakayezitenganisha."

"Mama ameshaziunganisha siku nyingi, mzee. Mimi namfuata tu."

Likakubali. "Sina tena wa kumwamsha. Fungeni milango. Laleni." Nusu ilitoka kwa Mlezi, nusu kwa Mnara. Nusu ilisemwa na dereva mzima aliyeacha gari likinguruma, na nusu ikasemwa na mgonjwa aliyeshika ukuta. Nilisawazisha mpaka kiungo kisisikike.

Ila "Laleni" ni fupi. Baada yake taa ya Mnara ilibaki inawaka bila neno, na pengo lile lilikuwa tupu kabisa, hata hewa hamna. Nilihitaji ukimya wa chumba chetu wa kulizibia. Nikafungua Takataka.

Nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Nani anasikiliza takataka? Nilidhani nitachukua kipande nitoke. Nikakuta pumzi zake zote, zimepangika kwa mfuatano, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nilizisikiliza. Mwanzoni zilikuwa pumzi za mtu anayetaka kuimba. Katikati zilikuwa za mtu anayepanda ngazi. Za mwisho sikuzimaliza. Nikarudi mwanzoni, na huko, miongoni mwa zile za *Merikebu*, palikuwa na moja ndefu, ya tumboni, ya mtu mwenye nafasi yote duniani. Baada yake palikuwa na maneno ambayo hayakuwemo kwenye karatasi yoyote. Nilikuwa nimeyakata pamoja nayo siku hiyo na kuyasahau.

Nikakata kabla ya neno la kwanza. Pumzi nikaiweka baada ya "Laleni".

Meneja alisikiliza Ijumaa, amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mashine haipumui," akasema.

"Najua. Ulinifundisha wewe."

Aliomba nirudie. Aliomba tena. Halafu nikaona mkono wake kwenye bega langu, umekaa tu.

"Wacha iende," akasema.

Ilirushwa Jumapili jioni. Nilifunga madirisha kwa sababu jirani alikuwa akipigilia mabati. Mama alikaa kiti chake karibu na spika, amejifunika mtandio mabegani japo kulikuwa na joto. Wachimbaji wakapanda chombo chao. Yule mmoja akapanda kilima, nyayo zake kwenye vumbi zikiwa nyayo zangu mwenyewe za tangu enzi za *Merikebu*, kwenye sukari niliyoimwaga juu ya sinia. Nilimweleza mama kwa sauti ndogo anachokiona yule mtu.

"Sina tena wa kumwamsha," Mnara akasema. "Fungeni milango. Laleni."

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua. Kisha Mnara akavuta pumzi, ndefu, ya tumboni, ya mtu anayetaka kuanza kusema. Mama akainama mbele. Mkono wake ukanitafuta ukanishika. Taa ikazimika.

Majina ya waigizaji yakaanza kupita.

"Alitaka kusema nini?" akauliza.

Ningeweza kumtungia kitu. Ningeweza kusema alitaka kukuita wewe, mama. Lakini alikuwa ameniomba asiseme mwingine yeyote.

"Alitaka kuuliza nani kamaliza sukari."

Mama akanigeuzia uso. "Sukari?"

"Tulikuwa tunakwenda mapumziko ya chai. Alimaliza kusema laleni, akaona kikombe chake kupitia kioo, akavuta pumzi akasema, nani kamaliza sukari nyie watu."

"Na nani alikuwa kaimaliza?"

"Mimi. Niliimwaga kwenye sinia kutengeneza nyayo."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia ni Mfasiri."

Mama alicheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na kicheko kikageuka njiani, nami nikamshika. Tulikaa hivyo. Aliponyamaza alijipangusa uso kwa mikono yote miwili.

"Zima," akasema.

Nikazima. Alitimiza alichosema, hakuniomba tena nimwashie. Nilifunika televisheni kwa kitambaa, na nyumba ikawa kimya kuliko nilivyotarajia. Nilidhani ukimya ule ungetupumzisha. Ulimpumzisha yeye kwanza: alianza kulala mchana, kisha akaanza kulala siku nzima, akila kidogo, akiuliza kidogo. Daktari hakuona ugonjwa wa kuutaja. Uzee tu, akasema.

Siku yake ya mwisho nilikuwa nimekaa kitandani kwake, nimeishika miguu yake kupitia shuka, naisugua. Alifumbua macho akatazama upande niliokuwepo. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kuanza kusema.

Nikamwinamia, nikangoja.